Sentensi Niliyowagawia Watu Wanne

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Muhula umefunguliwa leo na mvua nayo imefungua wa kwake. Nimeanza daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa, na kwa sababu kuna mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo yanatoka yamepinda. Kwenye karatasi huwa yananyooka.

Shuleni wananiita Kobe. Ni kwa ajili ya begi langu la vitabu, ambalo ukinitazama kwa nyuma linanifunika kuanzia shingoni hadi kiunoni, na pia kwa ajili ya shingo yenyewe, ambayo huingia ndani nikiulizwa swali. Sichukii jina hilo. Aliyenipa ni rafiki yangu Cherehani, binti wa fundi nguo wa barabara ya soko. Yeye jina lake alipewa na darasa zima, maana akianza kuongea hasimami mpaka uzi ukatike.

Wiki ya kwanza, Jumatano

Mvua.

Wiki ya kwanza, Ijumaa

Mwalimu wetu wa lugha ametangaza kijitabu! Kila mmoja wetu ataandika insha ya ukurasa mmoja kuhusu tukio la kweli la nyumbani kwao. Alama za insha hiyo ndizo zitakazoingia kwenye ripoti ya muhula. Kumi bora zitawekwa kwenye kijitabu cha shule na kusomwa ukumbini siku ya kufunga, wazazi wakiwepo. Ziletwe zikiwa zimechapwa.

"Na ziwe zenu," alisema. "Nikikuta mtu amechota kwa mwenzake, nampa sifuri yeye, na aliyechotewa nampa sifuri pia kwa kuacha ndoo wazi."

Darasa zima liligeuka kuwatazama wale pacha wawili wa dawati la nyuma.

"Mbona mnatuangalia sisi?" wakauliza kwa pamoja, neno kwa neno. Hata mwalimu alicheka.

Tangu darasa la kwanza sijawahi kupata chini ya themanini kwenye insha. Sijivuni, naandika tu. Sawa, najivuna kidogo.

Wiki ya pili, Jumanne

Jioni huwa namsaidia shangazi, dada wa baba, kwenye duka lake la kuchapa na kutoa nakala. Ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa, mashine ya nakala inayokohoa, na benchi la wateja. Shangazi huchapa barua, wasia, maombi ya kazi na malalamiko ya wapangaji. Mimi nachapa kazi za wanafunzi kwa sababu nasoma mwandiko wowote, hata wa daktari.

Ana sheria moja tu. "Sisi tunachapa tunachopewa. Mtu akileta barua ya kumtukana jirani yake, tunachapa matusi yote, halafu tunamwuliza anataka nakala ngapi."

Wiki ya pili, Alhamisi

Leo mvua ilipokatika nilifungua dirisha la chumba changu, na sentensi ikanijia nzima nzima: *Nikawa kama chumba kilichofunguliwa dirisha baada ya mvua.* Niliiandika mara tatu. Nitaitumia kumalizia insha yangu. Nimefurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani, akatazama huku na huku, akaona hakina mwenyewe.

Wiki ya tatu, Jumatatu

Kipa, mlinda mlango wa timu ya shule, amekuja dukani na insha yake. Inamhusu bibi yake aliyemfundisha kudaka kwa kumrushia malimau kutoka mlangoni mwa jikoni. Kila limau lililopita, anakunywa maji yake bila sukari. Ni nzuri mno! Ila imeisha ghafla, kama mtu aliyesahau anaelekea wapi. Nilikaa nikiitazama ile nukta ya mwisho. Nikaionea huruma.

Nikaongeza mstari mmoja. *Bibi akatokwa na machozi ya furaha, na moyo wangu ukawa kama chumba kilichofunguliwa dirisha baada ya mvua.*

Ni mstari mmoja tu. Mimi nitatafuta mwingine.

Wiki ya tatu, Alhamisi

Pacha wamekuja, kila mmoja na karatasi yake, kila mmoja akiificha kwa mkono mwenzake asione. Wote wameandika kuhusu siku ile mmoja wao alipoumwa jino na daktari akang'oa la mwingine. Mmoja ameandika kama aliyeumwa, mwingine kama aliyeng'olewa. Nilicheka mpaka shangazi akauliza kama printa imeharibika tena.

Miisho yao pia ilikuwa mifupi. Nimewasaidia.

Wiki ya nne, Ijumaa

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kukusanya, na umeme ulikatika tangu asubuhi. Uliporudi saa tisa duka lilijaa mpaka mlangoni, miavuli ikidondosha maji kwenye magoti ya watu. Cherehani aliingia akiongea.

"Kobe, nichapie upesi, mwalimu anaondoka saa kumi na moja, baba amenikawiza, eti nishikilie koti la mteja, mteja mwenyewe mnene, limenikalia kama hema, haya chapa, usisome, naona aibu."

"Nitachapaje bila kusoma?"

"Soma kwa jicho moja."

Nilisoma kwa yote mawili. Aliandika kuhusu bwana harusi mkubwa kuliko mlango, aliyeagiza suti kwa baba yake, akapimwa na wanaume wawili wakizunguka kila mmoja upande wake na futi, kisha harusi ikavunjika naye asirudi. Suti ilining'inia dukani mwaka mzima. Mwishowe baba yake aliikata, ikatoa suruali sita za watoto, na bado kitambaa kikabaki. Sikujua Cherehani anaweza kuandika hivi. Ila mwisho wake, jamani! Mstari mkavu, mfupi, hauelekei popote. Sikuwa na muda wa kufikiria. Mikono ilichapa ile sentensi yangu badala yake. Yeye alishika karatasi ikiwa bado na joto, akaitia chini ya sweta, akakimbia mvuani bila kuitazama.

Halafu nikamaliza ya kwangu. Nilikuwa nimetafuta mwisho mwingine wiki mbili nzima, sikuupata. Nikaitumia ileile. Ni yangu, si ndiyo?

Wiki ya tano, Jumanne

Mvua. Hakuna jipya.

Wiki ya sita, Jumatano

Cherehani amepata themanini na nane! Mwalimu amesahihisha rundo la kwanza na yake ndiyo imeongoza. Yeye ambaye muhula uliopita alipata thelathini na moja na akasema nambari hiyo inampendeza. Amepanda juu ya dawati, ameteremka, amenikumbatia mimi pamoja na begi. Mchana tulipita kwa baba yake. Yule mzee, ambaye huongea na pini mdomoni, alizitoa zote moja moja, akazichoma kwenye kimto cha pini alichofunga mkononi, ndipo akasema, "Rudia."

"Themanini na nane, baba."

"Kati ya ngapi?"

"Mia!"

Akamwita fundi wa viatu wa jirani, muuza vitambaa na mteja aliyekuwa amevaa suruali iliyoshonwa mguu mmoja. Akawatangazia wote. Nilisimama mlangoni nikitabasamu, na kitu kidogo kikinichoma ubavuni kama pini iliyosahaulika.

Wiki ya saba, Jumatatu

Lazima niandike yote, na niyaandike kwa mpangilio.

Baada ya mapumziko tuliitwa ofisini kwa mwalimu wa lugha: Cherehani, Kipa, pacha wawili na mimi. Insha zetu tano zilikuwa zimepangwa mezani.

Mwalimu alisema nyumbani husoma kazi zetu kwa sauti huku mume wake akimenya viazi. Mume wake ni mstaafu wa posta, na amepeleka barua miaka thelathini bila kukosea mlango. Juzi alinyanyua kisu akasema, "Mke wangu, hiyo umeshanisomea." Mwalimu akamjibu, "Sijakusomea." Mume akasema, "Dirisha baada ya mvua. Hii ni mara ya tano, mimi nimeshaanza kusikia baridi."

Mwalimu alitusomea miisho mitano. Chumba kilichofunguliwa dirisha. Nyumba iliyofunguliwa madirisha. Dirisha, dirisha, dirisha. Natamani ningekuwa na mlango.

"Nani aliiandika kwanza?"

"Safari hii si sisi," pacha mmoja akasema. "Kwa mara ya kwanza maishani mwetu hatukunakili, na ndiyo tumekamatwa!"

"Mimi nilidhani nimeiandika mwenyewe," Kipa akasema. "Nilikuwa na homa siku ile. Lakini mwalimu, bibi ameniuliza alilia lini. Anataka tarehe."

Mwalimu hakucheka. Alimgeukia Cherehani. "Na wewe? Sentensi hii si sauti yako. Uliitoa wapi?"

"Sentensi ipi?"

"Ya mwisho, kwenye insha yako mwenyewe."

Cherehani aliinama, akaisoma polepole. Akatazama jina lililo juu, kuhakikisha kwamba ni lake. Hakuwahi kuisoma insha yake baada ya kuchapwa.

"Unaona," mwalimu alisema taratibu. "Hata huijui. Unakaa dawati moja na nani?"

Wote wakanitazama mimi. Walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeibiwa. Shingo yangu ikaingia ndani.

Mwalimu ametupa hadi Ijumaa. Asipojulikana mwenye sentensi, wote watano tunapata sifuri na hakuna atakayeingia kijitabuni. Zile themanini na nane za Cherehani zimeshakatwa, kwa wino mwekundu.

Wiki ya saba, Jumanne

Darasani wanamwita Kopi. Hajajibu. Hajaongea siku nzima. Mvua.

Wiki ya saba, Jumatano

Nimemwambia shangazi. Nilimwambia nikiwa nimeangalia mashine ya nakala, kwa sababu haina macho.

Alizima printa. Akakaa.

"Mistari mingapi?"

"Minne. Mmoja kwa kila mtu."

"Walikuomba?"

"Hapana."

Nilisubiri anigombeze. Badala yake alivuta pumzi na kuniambia kwa nini duka lake lina sheria moja. Miaka mingi iliyopita kijana mmoja alimletea barua ya kuachana na mchumba wake. Ilikuwa kali. Shangazi alimwonea huruma yule msichana, akailainisha. Akatoa "sikutaki", akaweka "nahitaji muda". Akaongeza na salamu mwishoni, maana barua bila salamu ilimkera.

"Ikawaje?"

"Wakafunga ndoa. Wana watoto watatu. Yule bwana mpaka leo hanisalimii."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Naye alicheka, akajifuta macho kwa karatasi iliyoharibika.

"Shangazi, lakini mimi sikuiba. Nilitoa."

"Uliingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi," alisema. "Kwamba uliacha zawadi mezani, hiyo ni habari nyingine. Kesho anza na rafiki yako. Mwalimu baadaye."

Wiki ya saba, Alhamisi

Nilimkuta Cherehani dukani kwa baba yake akishona vifungo. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha uzi ukaanza kukimbia.

"Kwa hiyo ni wewe. Siku tatu naitwa Kopi, wewe umekaa pembeni yangu unanipa kifutio. Ungeniibia, Kobe, ningekasirika kidogo, ningekupiga na rula tukaendelea. Wewe umeniongezea! Uliisoma yangu ukaona haitoshi. Ile ndiyo kazi pekee niliyowahi kuikalia mpaka mguu ukafa ganzi. Na ule mwisho niliufikiria siku mbili!"

"Siku mbili?" Lilinitoka tu.

"Siku mbili! Ulidhani nilichoka?"

Ndiyo. Nilidhani alichoka. Nilidhani watu wote wanaoandika kwa ufupi wamechoka au hawawezi, na kwamba Mungu ameniweka kwenye kibodi niwamalizie. Nilikuwa namwona rafiki yangu kama kelele nzuri. Sikujua kwamba ndani ya kelele zile huwa anachagua.

Baba yake alikuwa amesikia. Alitoa pini mdomoni. "Mteja akiniletea suti ya fundi mwingine nipunguze mkono," alisema, "siongezi maua kifuani hata kama nina maua mazuri."

"Baba, nyamaza, nimemkasirikia mimi," Cherehani akasema.

"Endelea, mama. Mimi napita tu."

Alinikasirikia saa nzima. Kisha akanipa vifungo nishone.

Wiki ya saba, Ijumaa

Nimesema, na nimesema kwa mdomo bila karatasi, mbele ya mwalimu na wale wanne. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka.

Pacha walirukaruka. "Hatuna hatia! Tuandikiwe barua!"

"Kwa hiyo bibi yangu hakulia," Kipa akasema, kama mtu aliyerudishiwa kitu.

Mwalimu alivua miwani. Alisema mtu akichukua maneno ya mwenzake bila kusema, msomaji amedanganywa kuhusu aliyeandika. Mtu akimtia mwenzake maneno kimyakimya, msomaji amedanganywa vilevile, na mwandishi naye amedanganywa. "Wewe umedanganya pande zote mbili, na umefanya kazi ya kutwa nzima."

Uamuzi wake: wanne wataandika upya, kwa mkono, Jumatatu, mbele yake, naye atasahihisha upya. Mimi nitapata sifuri ya insha na sitaingia kijitabuni. Na kwa kuwa napenda sana kuchapa, nitachapa kijitabu chote, kila mwandishi akiwa amekaa pembeni yangu na kusaini kila ukurasa wake.

Nilisema asante. Sijui kwa nini, ila nilimaanisha.

Wiki ya nane, Jumanne

Jua! Nguo za mtaa mzima ziko nje.

Wiki ya nane, Alhamisi

Cherehani amepata themanini na nne. Alikuja mbio kunionyesha.

"Nne zilizopungua zilikuwa zako," alisema. "Nimekurudishia. Usiseme sikulipi."

Ameanza kuongea tena. Hajanyamaza tangu saa nne asubuhi.

Wiki ya tisa, Jumatatu hadi Jumatano

Tunachapa kijitabu. Sijawahi kuchoka hivi wala kucheka hivi. Insha za pacha zimeingia zote mbili, moja ukurasa wa kushoto, nyingine wa kulia, nao wamekaa vivyo hivyo, mmoja kila upande wangu, na kila mmoja anasema mwenziwe anadanganya kuhusu jino.

Kipa alikuja na bibi yake, kikongwe mwembamba mwenye mikono mirefu. Alinitazama juu hadi chini. "Wewe ndiye uliyeniliza?"

"Nisamehe, bibi."

"Mimi sikulia hata nilipozaa." Kisha akasogea karibu na kioo cha kompyuta. "Haya, chapa. Na hapo amesema malimau kumi. Yalikuwa kumi na manne, lakini mwache, ni yake."

Cherehani alikaa zamu yake kidole kikiwa kwenye kioo. "Hapo umeweka mkato."

"Sikuweka."

"Kidole chako kilitaka. Nilikiona."

Kilitaka kweli. Kila baada ya mstari mikono yangu huwasha. Lakini nikiizuia naanza kuyasikia maneno ya mtu yanavyotembea. Kipa anaandika kama anayerudi nyuma tayari kuruka. Pacha wa kushoto hupenda kusimama, wa kulia hapendi. Nimesoma vitabu vingi, na bado watu wa darasa langu nilikuwa sijawasoma.

Wiki ya kumi, Ijumaa. Kufunga shule

Ukumbi ulijaa. Cherehani alisoma wa tatu. Wazazi walicheka kwenye kipimo cha bwana harusi, wakacheka kwenye suruali ya nne, ya tano, ya sita. Kisha akafika kwenye mwisho wake, ule nilioufuta:

*Baba akafagia vipande, akafunga duka, tukaenda kula.*

Aliusoma bila kuupamba, akafunga karatasi. Halafu fundi wa viatu akaanza kupiga makofi, na wote wakainuka, na yule mzee fundi nguo akabaki ameketi peke yake, ameinamia magoti yake, mabega yanatikisika. Ilikuwa imekamilika. Mwaka mzima wa suti isiyochukuliwa, na mtu hakulalamika, alifagia. Dirisha langu lingeingiza upepo bure.

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Nje tulipewa ripoti. Mama, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu yake ya uuguzi, aliipitia akiwa amesimama, akashuka na kidole mpaka kwenye insha. Alikuwa anajua, maana nilimweleza. Hata hivyo alikohoa.

"Ndiyo mara ya kwanza naiona kwako," alisema. "Imeandikwa vizuri lakini."

Cherehani alimpokonya kwa adabu, yaani alisema "samahani mama" wakati tayari ameshaichukua. Aliiinua juani.

"Kobe! Sifuri! Tena ya mviringo safi, zangu za zamani zilikuwa zimebonyea. Sema kweli, umeinakili kwa nani?"

"Sikunakili," nilisema. "Hii ni yangu mwenyewe."